Nani Ana Ruhusa ya Kusema Ngoja?

Hoja iliyo mezani ni fupi: timu ya hospitali iwe na mkubwa mmoja, naye awe daktari, wengine wafuate. Nimeileta Voi, kaunti ya Taita Taveta, kusudi. Jijini Nairobi mtu anaweza kujidanganya kwamba daktari bingwa yuko ghorofa ya juu, ni kumwita tu. Taita Taveta haikupi nafasi hiyo. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo. Watu wake, 340,000 na ushei kwa sensa ya 2019, wametawanyika kutoka milima ya Taita hadi Kasigau na mpaka wa Taveta, na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inapita Voi na malori yake na ajali zake. Mgonjwa anayeshuka kutoka zahanati ya mlimani hupitia mikono mingi kabla ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Akihitaji zaidi ya hapo, Mombasa iko mbele kilomita zipatazo 150.

Wanaozungumza ni watano. Sikuwapa majina kwa sababu ni nafasi za kazi, si watu, na maneno yao nimeyapanga mimi kutokana na ubishi unaosikika popote wafanyakazi wa afya wanapokaa kunywa chai, iwe Voi, Kisumu au Tanga. Msomaji wa Voi asihangaike kumtafuta jirani yake humu.

DAKTARI: Acha nianze, maana naona nimewekwa kizimbani kabla sijaketi. Mgonjwa wa ajali ameletwa saa nane usiku, presha inashuka, mmezunguka kitanda watu sita. Kila mmoja akishikilia maoni yake, mgonjwa atakufa tukijadiliana. Lazima apatikane mtu wa kusema: wewe tafuta mshipa, wewe kimbilia damu, wewe piga simu chumba cha upasuaji kiandaliwe. Hicho si kiburi. Na mambo yakiharibika, jina linalotafutwa ni langu.

SISTA: Lako peke yako? Daktari, umesahau Kenyatta 2018?

Hakuna mhudumu wa afya nchini asiyejua anachokitaja Sista. Mapema mwaka huo, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa mmoja alipaswa kupasuliwa kichwa ili kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo. Mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Aliyefunguliwa fuvu ni huyo wa pili. Wapasuaji walikuwa wamekwenda kwa saa kadhaa ndipo wakagundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haimo. Habari zilipotoka mwezi Machi, hospitali iliwasimamisha kazi watu wanne: daktari mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi, muuguzi wa wodi na muuguzi aliyempokea mgonjwa kwenye chumba cha upasuaji. Madaktari wenzake mpasuaji walipinga, wakisema kosa la jina lilianzia wodini.

SISTA: Basi piga hesabu. Lawama iligawiwa watu wanne. Kabla kisu hakijaingia, nani kati ya wanne hao alikuwa na ruhusa ya kusema, ngoja kwanza, huyu ni nani? Kwenye karatasi ni wote. Kwenye chumba chenyewe, jijibu wewe.

DAKTARI: Kuna orodha ya ukaguzi kwa kazi hiyo hiyo. Tunaijaza.

SISTA: Mnaijaza lini? Wakati gani mmenyamaza wote mkaisikiliza?

Nitawakatiza hapa, maana orodha hiyo ina historia inayotuhusu. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008: vipengele 19 na vituo vitatu vya kusimama, kabla ya nusukaputi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa kwenye miji kama London, Seattle, Manila na New Delhi. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele kimoja kinawataka wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya kukata. Wapo wanaokicheka. Mimi nadhani ndicho chenye akili kuliko vyote, kwa sababu mtu aliyekwisha kusikika akitaja jina lake hapati kigugumizi cha kusema tena dakika kumi baadaye.

DAKTARI: Mwandishi usimalizie hapo. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza orodha hiyo itumike kwenye hospitali zake zote. Mwaka 2014 watafiti wakaangalia hospitali 101, hawakuona vifo kupungua kwa kiwango cha maana.

Ni kweli, na ni haki yake kuisema. Orodha iliyoletwa kwa amri hujazwa kama rejista ya mahudhurio: alama zote ziko mahali pake, na hakuna aliyeinua kichwa.

AFISA WA KLINIKI: Naomba nafasi. Hoja nzima inadhani daktari yupo. Mimi ndiye ninayeitwa daktari na kila mgonjwa tangu asubuhi mpaka jioni, na ndiye ninayeambiwa mimi si daktari mishahara ikipangwa. Kwenye vituo vingi vya afya vya kaunti hii, anayempokea mgonjwa, akampima na kuandika dawa, ni afisa wa kliniki au muuguzi. Sheria inanitambua, ile ya sasa ni ya 2017. Mkisema mkubwa ni daktari, mnatuachia nini sisi ambao daktari kwetu ni sauti ya simu?

DAKTARI: Mnapiga simu. Ndiyo maana nipo.

AFISA WA KLINIKI: Na mtandao ukikataa? Tena usisahau, hata unapokata wewe, kwenye hospitali nyingi za kaunti anayemlaza mgonjwa usingizi na kumwamsha ni afisa wa kliniki aliyesomea nusukaputi. Uhai wa mama uko kwangu muda wote ambao macho yako yako kwenye kidonda. Hapo mkubwa ni nani?

DAKTARI: Hapo tunasikilizana.

AFISA WA KLINIKI: Ahsante. Umeanza kuiacha hoja mwenyewe. Mtu wa Taveta akivuka Holili tu, anakuta Tanzania, nchi ambayo kwa miaka mingi iliwafundisha madaktari wasaidizi kupasua wajawazito. Utafiti uliochapishwa 2009, kutoka hospitali za wilaya za Mwanza na Kigoma, uliwalinganisha na madaktari kamili katika upasuaji wa dharura wa uzazi. Tofauti ya maana haikuonekana.

DAKTARI: Sijasema hamjui kazi. Nimesema mtu mmoja abebe uamuzi. Hayo ni mambo mawili.

Na hapa Daktari yuko sahihi. Mara nyingi mjadala huu hupotea njia kwa sababu wauguzi na maafisa wa kliniki hujibu tusi ambalo halikutamkwa.

SISTA: Sawa. Nikupe mfano usio na tusi. Damu baada ya kujifungua. Sote hapa tumeona mama akitoka damu, na sote tumewahi kukadiria kwa macho: ni nyingi kidogo, si nyingi sana. Macho hudanganya. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kina mama zaidi ya 200,000. Walichotumia ni karatasi ya plastiki inayowekwa chini ya mama, ina mfuko wenye mistari ya kipimo. Damu ikifika mstari, mkunga haanzi kutafuta mtu wa kumpa ruhusa. Anakanda tumbo la uzazi, anachoma oksitosini, anatoa dawa ya kuzuia damu, dripu inaingia, anamkagua mama na kuita msaada. Vyote kwa pamoja. Zamani tulikuwa tunatoa kimoja, tunangoja, tunatoa kingine. Idadi ya waliovuja damu kupita kiasi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au waliofariki ilishuka kwa asilimia 60. Dawa mpya haikuwapo hata moja.

DAKTARI: Umeona sasa? Utaratibu huo umeandikwa. Kuna aliyeamua.

SISTA: Aliamua kabla. Mama yule akija saa kumi usiku, uamuzi umeshafanywa, mimi natekeleza. Hiyo ndiyo nafasi ninayoitaka. Sitaki cheo chako.

Nilipofika kwenye sentensi hiyo ya Sista niliona ubishi umegeuka. Swali la nani mkubwa limekuwa swali la uamuzi unafanywa lini. Uamuzi ulioafikiwa mchana, watu wakiwa wametulia, unaweza kutekelezwa usiku na yeyote aliye karibu na kitanda. Ulioachwa mpaka usiku utamngoja mwenye cheo, na mwenye cheo yuko chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine.

Lakini utaratibu hauondoi aibu, na aibu yetu ina ngazi mbili. Iko ngazi ya cheo, iko na ya umri. Daktari anayefanya mwaka wake wa mafunzo kazini anaweza kuwa na miaka 25. Muuguzi mkuu wa wodi ana umri wa mama yake mzazi, na daktari huyo humwita mama. Kwa cheo, kijana ndiye wa kuamuru. Kwa umri, kijana ndiye wa kunyamaza. Matokeo yake ni tabia ambayo vitabu vya Ulaya haviielezi vizuri: mama anaona kosa lakini hataki kumvunjia kijana heshima mbele ya wagonjwa, na kijana hajui dozi lakini hataki mama ajue. Wote wawili wanafanya adabu. Mgonjwa anachomwa sindano.

SISTA: Ndiyo maana nasema wanafunzi wa uuguzi, hata hapa kwenye chuo cha KMTC Voi, wafundishwe namna ya kupiga simu. Si mchezo. Kuna muundo wa sehemu nne ulioanzia kwenye jeshi la majini la Marekani: hali ilivyo, ilikotoka, ninavyoiona, ninachoomba. Sikiliza simu mbili. Ya kwanza: "Daktari, samahani kukuamsha, yule mama wa kitanda cha nne naona hayuko sawa sana." Ya pili: "Daktari, mama wa kitanda cha nne amejifungua dakika ishirini zilizopita, damu imefika mililita 600, presha 90 kwa 50, mapigo 124. Naona anaishiwa damu. Oksitosini na dripu zimeingia. Nakuomba uje sasa hivi." Ya kwanza utafanyaje?

DAKTARI: Kusema kweli? Nitasema endelea kumwangalia, nakuja.

SISTA: Na ya pili?

DAKTARI: Viatu nitavalia njiani.

SISTA: Mgonjwa ni yule yule.

DEREVA: Mmeongea kama vile hospitali ina kuta tu. Niulizeni mimi wa ambulensi. Naambiwa pakia, Mombasa. Napewa mgonjwa, nesi mmoja na barua ya rufaa ambayo mwandiko wake hata aliyeandika akirudishiwa ataomba miwani. Nimewahi kuufungua mtungi wa oksijeni kabla ya kuondoka, nikaangalia geji, mshale uko karibu na alama nyekundu. Si kazi yangu kuangalia. Nikauliza, nikaambiwa dereva endesha. Nikakataa kuwasha gari. Tukabadilisha mtungi. Kutoka Voi, ukishapita Maungu, mbele yako ni Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani, na kila mahali kuna foleni ya malori. Oksijeni ikiisha Taru, utampa mgonjwa nini?

AFISA WA KLINIKI: Mzee, ulikasirikiwa?

DEREVA: Kidogo. Halafu nikaambiwa ahsante. Lakini yule kijana aliyeniambia endesha alikuwa na cheo, mimi nina leseni ya gari. Ningekuwa mgeni kazini ningeendesha.

Kati ya yote yaliyosemwa, hili la mtungi ndilo ningependa wasimamizi wa hospitali walibandike ukutani. Dereva hakudai kujua tiba. Alidai kuangalia geji. Kwenye timu inayofanya kazi, kila aliye karibu na hatari ana haki ya kuisimamisha safari, awe dereva, mtu wa usafi aliyeona damu chini ya kitanda, au mwanafunzi aliyesoma jina kwenye kibandiko likatofautiana na faili. Kuendesha matibabu ni kazi ya mmoja. Kuyasimamisha kwa dakika moja kuwe kwa yeyote.

DAKTARI: Ukimpa kila mtu breki, hatutafika.

DEREVA: Daktari, gari langu lina breki na bado nimefika Mombasa.

MAMA MWENYE MGONJWA: Mimi nimekaa kimya kwa kuwa nilidhani mjadala ni wa wasomi. Kwani timu yenu mimi simo? Mume wangu akilazwa, anayemlisha ni mimi, anayekimbia duka la dawa ni mimi, anayebeba picha na karatasi za maabara kutoka dirisha hili kwenda lile ni mimi. Asubuhi daktari anapita, anauliza. Mchana nesi wa zamu mpya anauliza yale yale. Usiku mwingine. Nikichoka nikasahau kusema ana sukari, nani kati yenu atajua?

SISTA: Iko kwenye faili, mama.

MAMA: Faili lilikuwa kwapani mwangu.

Hapo wote wanne walinyamaza, nami sikuwatafutia jibu. Wauguzi hukabidhiana zamu kitanda kwa kitanda. Madaktari hukabidhiana kwa muda wao na mahali pao, maafisa wa kliniki vivyo hivyo. Mgonjwa mmoja anazungumzwa mara tatu kwenye vikundi vitatu ambavyo havikai pamoja, na mtu pekee aliyesikia yote matatu ni huyo mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha plastiki.

MAMA: Na jambo jingine. Nyinyi hufanya kazi kwa zamu, na hugoma kwa zamu. Madaktari waligoma Desemba 2016 mpaka Machi 2017, siku 100. Tukaambiwa wauguzi wapo, lakini hakuna wa kupasua. Juni wauguzi wakatoka, mpaka Novemba. Tukaambiwa madaktari wapo, lakini wodi zimefungwa. Mwaka 2024 madaktari tena, siku 56, na maafisa wa kliniki wakatoka mwaka huo huo. Mimi sisemi hamna haki. Nauliza tu: kama kila mmoja akitoka hospitali inafungwa, huyo mkubwa mnayemtafuta ni yupi?

DAKTARI: Tuna vyama tofauti, mama. Na mabaraza tofauti.

MAMA: Mume wangu ni mmoja.

Daktari ametaja kitu ambacho mara nyingi hakiingii kwenye hotuba za umoja. Madaktari wana baraza lao la kuwasajili na kuwaadhibu, wauguzi wana lao, maafisa wa kliniki wana lao. Tangu 2013, afya ilipogatuliwa chini ya Katiba ya 2010, wengi wao wameajiriwa na kaunti, lakini kosa lililofanywa na timu bado hupasuliwa vipande na kila kipande hupelekwa kwenye baraza lake. Kila baraza lina sababu ya kumtetea mtu wake kwa kumnyooshea kidole wa baraza jingine, kama tulivyoona kwenye ule ubishi wa kosa la jina kule Kenyatta 2018. Mafunzo ya pamoja yanasaidia. Kozi ya dharura za watoto iitwayo ETAT+, iliyoenea sana Kenya, huwaweka madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki chumba kimoja wakimfufua mwanasesere mmoja. Wakirudi wodini wanakuwa wameshawahi kuamriana na kurekebishana bila kununiana. Chai ya mwisho wa mwaka yenye keki na fulana za rangi moja haifanyi kazi hiyo, ingawa bajeti yake hupatikana haraka zaidi.

AFISA WA KLINIKI: Basi mwandishi, toa hukumu. Umekaa unatukatiza tu.

Hoja naikataa jinsi ilivyoandikwa, na nusu yake naiokoa. Kwenye dharura awepo mmoja wa kuongoza, na mara nyingi atakuwa daktari. Asipokuwepo, awe yule anayejua zaidi kati ya waliopo, na jina lake litajwe kwa sauti ili wote wajue. Ila yeyote anayeweza kulaumiwa kesho apewe leo uwezo wa kusema ngoja, na siku atakapoitumia ruhusa hiyo akakosea, akaonekana aliogopa bure, asichekwe wala asiandikiwe barua. Hospitali isiyokubali sehemu hiyo ya mwisho isijisumbue na zile za mwanzo, maana hakuna atakayesema ngoja mara ya pili.

DAKTARI: Na kikao cha kuchunguza kifo?

Waitwe wote waliomgusa mgonjwa, dereva akiwemo, na kikao kianze kwa kumsikiliza mwenye cheo cha chini kabisa. Akianza mkubwa, waliobaki watakubaliana naye.

Nawe msomaji, ukimpeleka mtu wako hospitali, iwe Voi, Wesu, Mwatate au Taveta, usingoje kuulizwa. Andika kwenye karatasi moja magonjwa yake, dawa anazotumia na anachodhurika nacho, na kila zamu ikibadilika msomee anayeingia. Kabla hajasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, soma jina kwenye mkono wake, kisha muulize anayemsukuma anakwenda kufanyiwa nini. Akikasirika, uliza tena.